Jinsi ya kuongelea ndugu zake Yesu kwenye familia yenye makanisa manne bila mtu kwenda kulala kanuna

Kwetu mama ni Mkatoliki, yani Mkatoliki wa rozari alfajiri kabla jogoo hajawika, marehemu baba alikuwa Mlutheri wa KKKT, dada yangu kaolewa na Msabato, na mdogo wetu wa mwisho kaokoka anasali kwa walokole. Kwa hiyo Krismasi tukikutana tunapendana sana mpaka mtu achokoze lile swali, hivi Yesu alikuwa na wadogo zake? Mwaka mmoja lilianza kimasihara tu wakati tunakula, mdogo wangu akafungua Marko 6 kwenye simu akaisoma kwa sauti kama hakimu anasoma hukumu, mama akajibu, shemeji akaingilia, dakika kumi hazijaisha mtu kashasema "nyie mnaabudu sanamu" na mama kaenda kulala saa mbili usiku bila kumuaga mtu. Na mwenyeji nilikuwa mimi.

Tangu hapo nimekaa na hili jambo nikalisoma na nimeshaliongoza mara kadhaa, nyumbani na kwenye kikundi cha mseto tulichokuwa nacho kazini, na halijaharibika tena (sawa, mara moja liliharibika kidogo). Naandika ninavyofanya, we chukua kinachokufaa.

Kabla hujafungua Biblia waambie watu kwamba hapa kuna maswali matatu yamefungwa kwenye mfuko mmoja. La kwanza, je kwenye Agano Jipya kuna watu wanaoitwa ndugu zake Yesu? Hilo halina ubishi, wapo, na hakuna kanisa linalokataa. La pili, hao watu walizaliwa na nani? La tatu, je Mariamu alibaki bikira maisha yake yote? Sasa ukiangalia vizuri utagundua ugomvi wote uko kwenye la tatu, ila watu wanapigana wakiwa wamesimama kwenye la kwanza. Mlokole anadhani akisoma mstari wenye neno ndugu kamaliza kesi, Mkatoliki naye anadhani akiukubali huo mstari kamsaliti Bikira. Ukishatenganisha hayo matatu nusu ya joto inashuka yenyewe, mi nimeona.

Afu someni mistari, yote, kwa zamu, na kila mtu asome kwenye Biblia yake. Msisome miwili mitatu ya kuchagua. Mathayo 13:55-56 na Marko 6:3 ndo zenye majina: Yakobo, Yusufu au Yose, Simoni na Yuda, pamoja na dada zake ambao hawatajwi majina. Marko 3:31-35, mama yake na ndugu zake wako nje wanamuita. Yohana 2:12 wanashuka pamoja Kapernaumu. Yohana 7:3-5 ndugu zake wanamwambia aende Uyahudi akajioneshe, na mwandishi anaongeza kwamba hata wao hawakumwamini. Matendo 1:14 wapo ghorofani wanasali pamoja na Mariamu. 1 Wakorintho 9:5 Paulo anawataja kama watu wenye wake. Wagalatia 1:19 anasema alimuona Yakobo ndugu yake Bwana. Mpe mama au mzee yeyote wa upande wa Katoliki asome ile ya Wagalatia, usimpe mlokole, maana mtu akiisoma mwenyewe haioni kama silaha.

Kama mna ile Biblia ya zamani ya Union Version mtakutana na neno maumbu pale Mathayo, vijana watauliza ni nini. Umbu kwa Kiswahili cha zamani ni ndugu wa jinsia nyingine, dada kwa mwanaume au kaka kwa mwanamke. Litawasaidia tena mkifika msalabani kwenye Yohana 19:25, maana pale anatajwa "umbu la mamaye", na hapo maana yake ni dada tu, dada wa mama yake Yesu. Huyo mama mkumbukeni, anarudi.

Hapa sasa ndo penyewe. Neno ndugu. Sisi waswahili tuna shida ambayo Mwingereza hana, au niseme tuna bahati, sijui. Kwetu ndugu ni tumbo moja, ni baba mmoja mama mbalimbali, ni mtoto wa baba mdogo, ni mtu wa kijijini kwenu uliyekutana naye stendi, ni mwanachama mwenzako, na Tanzania tulifika mahali hata waziri tulimwita Ndugu. Na mtoto wa mama mdogo? Kwa watu wengi huyo ni ndugu yako kabisa, ukimwita binamu mbele ya wazee unakatwa jicho, kwa sababu binamu wao wanamjua ni mtoto wa mjomba au shangazi. Kwa hiyo Mkatoliki wa Kiswahili akisema "ndugu si lazima awe wa tumbo moja" mezani wote wanatikisa kichwa, inaingia kama chai na andazi. Tena kwenye sala ya kuungama wanayosali kwenye misa kuna sentensi moja ina vyote viwili ndani yake, "Maria mwenye heri, Bikira daima" na mbele kidogo tu "nanyi ndugu zangu", na hakuna anayedhani kanisa zima limezaliwa na mama mmoja.

Ila kama unaongoza usiache watu walale hapo. Agano Jipya halikuandikwa kwa Kiswahili. Limeandikwa kwa Kigiriki na neno lililotumika ni adelphos, ambalo maana yake ya kawaida ni kaka, na Kigiriki kilikuwa na neno la binamu, anepsios, Paulo mwenyewe kalitumia Wakolosai 4:10 kwa Marko na Barnaba. Hiyo ni hoja nzito ya upande wa pili na inabidi isemwe kwa sauti. Kisha jibu lake nalo lisemwe. Wale waliotafsiri Agano la Kale kwenda Kigiriki walitumia adelphos hata pale ambapo Kiebrania kinasema ndugu kwa maana pana, mfano Mwanzo 13:8 Abramu anamwambia Lutu "sisi ni ndugu" wakati Lutu ni mtoto wa kaka yake, so Myahudi anayeandika Kigiriki angeweza kabisa kuandika hivyo. Angeweza. Lakini angeweza siyo lazima aliandika hivyo, na hapo mimi naonaga neno peke yake limeishiwa nguvu, halimpi mtu yeyote ushindi. Ukifika hapa sema hivyo waziwazi, "neno ndugu halitatumalizia", usonge mbele. Nimekaa vikao vya masaa mawili watu wakizunguka kwenye hili neno tu kama ng'ombe wa kupura mpunga.

Sasa weka misimamo mitatu mezani. Ushauri wangu usiiite kwa majina ya makanisa, ukisema "Wakatoliki wanasema" kila mtu anavaa jezi. Iite watoto wa Mariamu, watoto wa Yusufu, watoto wa mama mdogo.

Watoto wa Mariamu: Yesu alizaliwa na bikira, baada ya hapo Yusufu na Mariamu wakaishi kama mke na mume na wakapata watoto wengine, wanne wa kiume na mabinti. Aliyeitetea hii mpaka ikabeba jina lake ni Helvidius, Roma, karne ya 4. Ndo msimamo wa walokole wengi, Mashahidi wa Yehova na Waprotestanti wengi wa leo. Nguvu yake ni kwamba ndo usomaji wa moja kwa moja, mtu anayesoma Marko 6 bila kuambiwa kitu ndo atakachoelewa. Hao ndugu mara nyingi wanatembea na Mariamu, hawatembei na mama mwingine. Na kuna Mathayo 1:25, Yusufu hakumjua mkewe "hata" alipomzaa mwanawe, na Luka 2:7 anayemwita Yesu kifungua mimba.

Watoto wa Yusufu: Yusufu alikuwa mjane mwenye watoto kabla hajamchukua Mariamu, kwa hiyo hao ni kaka na dada zake Yesu wa kambo, na ni wakubwa kwake. Hii inaonekana kwenye maandishi ya karne ya 2 yanayoitwa Injili ya awali ya Yakobo (haimo kwenye Biblia ya kanisa lolote kubwa, liseme hilo mapema kabla hujaulizwa), na Epiphanius askofu wa Salamis kule Cyprus aliitetea karne ya 4. Mpaka leo ndo mapokeo ya Waorthodoksi, wana hadi sikukuu ya Yakobo ndugu wa Bwana tarehe 23 Oktoba. Mi binafsi kitu kinachonivutia hapa ni tabia za hao ndugu. Yohana 7 wanamuelekeza aende wapi, Marko 3:21 watu wake wanatoka kwenda kumkamata wakisema kachanganyikiwa. Sasa jamani, nyumbani kwenu mdogo ndo anamuamrisha kaka mkubwa hivyo? Hiyo ni sauti ya mtu aliyekutangulia kuzaliwa. Siyo ushahidi wa mahakamani lakini wazee wakiisikia wanaguna.

Watoto wa mama mdogo: hii ni ya Jerome, padre msomi wa karne hiyohiyo ya 4, aliiandika mwaka 383 kumjibu Helvidius na alimjibu kwa matusi kweli, msijifunze adabu kwake. Anasema hivi, angalia Marko 15:40, pale msalabani yupo Mariamu mama wa Yakobo mdogo na Yose. Yakobo na Yose ni majina yaleyale mawili ya kwanza ya Marko 6:3! Afu Yohana 19:25 yupo umbu la mamaye, Mariamu wa Klopa. Jerome akaunganisha, huyo ndo mama wa hao ndugu, kwa hiyo ni watoto wa mama yake mdogo Yesu (au mkubwa, hatujaambiwa nani kamtangulia mwenzake). Kanisa la Magharibi likamfuata na ndo maelezo Wakatoliki wengi wanayoyajua.

Ukishaeleza mtu asijibu kwanza. Kila msimamo uupe swali lake gumu, na anayeuliza awe ni mtu wa msimamo huohuo. Hii ndo mbinu iliyookoa Krismasi yetu. Mwambie mlokole, wewe tuambie kwenye msimamo wako panapobana ni wapi. Mara ya kwanza mdogo wangu alikataa katakata, mara ya pili akasema mwenyewe: kama Mariamu alikuwa na watoto wanne wa kiume, kwa nini Yesu msalabani anamkabidhi mama yake kwa mwanafunzi, Yohana 19:26-27? Kwetu hilo ni tusi kwa ukoo. Yeye anajibu kwamba ndugu walikuwa bado hawajaamini, sawa, lakini alikiri panabana. Mama naye (nilimbembeleza) akasema, kama Yakobo ndugu ya Bwana ndo yule Yakobo wa Alfayo aliyekuwa mmoja wa wale Kumi na Wawili kama Jerome alivyotaka, mbona Yohana 7:5 inasema ndugu zake hawakumwamini na wakati huo Kumi na Wawili walishachaguliwa? Na dada wawili wa tumbo moja wote waitwe Mariamu, wazazi waliishiwa majina? Kwa watoto wa Yusufu swali ni, hao watoto walikuwa wapi safari ya Bethlehemu na ya Misri, mbona kwenye habari yote ya kuzaliwa hawaonekani hata kwa mbali?

Kwenye Mathayo 1:25 watu watakwama, jiandae. "Hata" pale ni mpaka. Mlokole atasema mpaka maana yake baada ya hapo ilibadilika. Mpe 2 Samweli 6:23, Mikali hakuwa na mtoto hata siku ya kufa kwake, hatudhani alizaa kaburini. Na sisi tukiagana tunasema Mungu akulinde mpaka tutakapoonana, hatumaanishi tukionana tu ulinzi umeisha. Ila uwe mkweli, mpaka mara nyingi inabadilisha kitu kweli, kwa hiyo mstari huo unaegemea upande wa mlokole kidogo bila kumfikisha. Kifungua mimba nako ni hivyohivyo. Kwa sheria ya Musa mzaliwa wa kwanza anakombolewa akiwa na mwezi mmoja, Hesabu 18:16, hakuna anayesubiri kuona kama kitinda mimba atakuja. Na Misri lilipatikana jiwe la kaburi la mwanamke Myahudi aitwaye Arsinoe, la mwaka 5 kabla ya Kristo, linasema alikufa kwenye uchungu wa kumzaa mzaliwa wake wa kwanza. Mtoto wa kwanza na wa mwisho, maskini.

Watu wakianza kujipanga kikanisa, hapo ndo unatoa historia, na hii sehemu naipenda kuliko zote maana inavuruga jezi. Luther aliamini Mariamu alibaki bikira mpaka kufa. Zwingli, mwanamageuzi wa Uswisi, pia. Zile Makala za Smalcald za Luther, za mwaka 1537, toleo la Kilatini linamtaja Mariamu kama bikira daima, na hizo ni sehemu ya maungamo ya Kilutheri, kwa hiyo marehemu baba yangu aliyekuwa anamcheka mama kwa neno hilo kumbe lilikuwa kwenye vitabu vya kanisa lake. Calvin, mwanamageuzi mwingine, hakutaka kuamua lakini alimsema Helvidius kwamba ni ujinga kupitiliza kudai Mariamu alikuwa na watoto wengi eti kwa sababu tu ndugu wametajwa. John Wesley wa Wamethodisti mwaka 1749 akiandikia Wakatoliki alikiri kwamba Mariamu alibaki bikira kabla na baada ya kumzaa. Halafu geukia shemeji Msabato. Ellen White, nabii wa Wasabato, mwaka 1898 aliandika kwamba hao ndugu walikuwa wana wa Yusufu, wakubwa kuliko Yesu. Shemeji alikuwa miaka yote anakaa upande wa mlokole kwenye huu ubishi, siku hiyo akagundua nabii wake yuko na Waorthodoksi. Alinyamaza, akaongeza sukari kwenye chai ambayo ilishakuwa na sukari.

Upande wa pili nao uguswe. Wakatoliki wengi wanadhani ile ya mama mdogo ndo fundisho la imani lenyewe. Siyo. Kinachofundishwa ni ubikira wa daima, jina hilo la bikira daima lipo kwenye maamuzi ya Mtaguso wa Konstantinopoli wa mwaka 553, na katekisimu ya mwaka 1992 namba 500 inasema hao ni ndugu wa karibu, na kwamba Yakobo na Yusufu ni wana wa Mariamu mwingine, ila haisemi kwamba huyo ni mama mdogo wa Yesu. Mkatoliki akisema walikuwa watoto wa Yusufu hajavunja fundisho la ubikira wa daima. Na kitu kimoja kinamsumbua Jerome: Hegesippus, mwandishi wa karne ya 2 ambaye Eusebius, mwanahistoria wa kanisa la kale, amemnukuu, anamwita Yakobo ndugu ya Bwana lakini Simeoni mwana wa Klopa anamwita binamu ya Bwana. Maneno mawili tofauti. Kama wote wangekuwa binamu, kwa nini kuwatenganisha?

Vya kuepuka, haraka haraka. Usitumie lile sanduku la mifupa lililotangazwa mwaka 2002 lenye maandishi "Yakobo mwana wa Yusufu ndugu ya Yesu", bado linazunguka kwenye magrupu ya watsapu kama vile ni habari ya jana. Mamlaka ya mambo ya kale ya Israel ilisema mwaka 2003 maandishi ni ya kughushi, mwenye nalo akashtakiwa, mwaka 2012 mahakama ikamuachia kwa kosa la kughushi lakini jaji akasema hiyo haimaanishi kwamba maandishi ni ya kweli. Na hata yangekuwa ya kweli hayakuambii mama ni nani. Ukitaka ushahidi wa nje ya Biblia kwamba Yakobo alikuwepo mtumie Josephus, Myahudi wa karne ya 1, anayeeleza jinsi kuhani mkuu Anano alivyomfanya Yakobo "ndugu yake Yesu aitwaye Kristo" apigwe mawe, mnamo mwaka 62.

Usiseme Wakatoliki walibadilisha Biblia, mistari hii yote wanayo. Usiseme anayeamini Mariamu alizaa wengine anamdharau, kuzaa siyo aibu, na kwetu hilo hata halihitaji maelezo. Na kama kuna Waislamu wamekaa nanyi, kwa jirani zetu hiyo ni kawaida, usiwaache wasindikize tu: Qurani sura ya 19 Maryam anaitwa dada wa Harun, na wafasiri wengi wa Kiislamu wanaeleza kwamba si lazima iwe udada wa tumbo moja. Kumbe na wao neno limewahi kuwakalisha kikao.

Saa moja inatosha, saa na nusu mwisho. Kura msipige. Mi huwa namalizia kwa habari moja ya Hegesippus hiyohiyo kupitia Eusebius, kwa sababu pale hakuna wa kugombana naye. Mfalme Domitian wa Roma alisikia kuna watu wa ukoo wa Daudi, akaogopa uasi, akaletewa wajukuu wa Yuda, yule Yuda wa Marko 6:3. Akawauliza mna mali kiasi gani. Wakasema hawana pesa, wana shamba tu, plethra 39 (kipimo cha ardhi cha Wagiriki), lenye thamani ya dinari 9,000, na wanalilima wenyewe na kulilipia kodi. Wakamuonesha mikono yao, ina sugu za jembe. Mfalme akawaangalia akaona hawa ni wakulima tu, akawaachia waende.

Mwaka huo nilipoisoma kimya kikatanda, mama akasema masikini wa Mungu, dada akafuta macho. Nikafunga Biblia nikawaambia haya tunyweni chai. Mdogo wangu akainua kichwa akauliza: sasa hao, mama aliyemzaa babu yao Yuda alikuwa nani?